The Derby Day ya William Powell Frith: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yeyote aliyekutana na picha hii kitabuni, darasani au kwenye simu, akajiuliza mbona inaitwa picha ya mbio za farasi ilhali imejaa watu. Majibu mengine ni mafupi. Mengine yamerefuka kwa sababu kuna kona za picha hii ambazo haziishi utamu hata ukizirudia mara ngapi.

Hii ni picha gani?

Ni picha ya rangi za mafuta, kazi ya Mwingereza William Powell Frith, aliyeichora kati ya mwaka 1856 na 1858. Kimo chake ni sentimita 101.6 na upana sentimita 223.5, ukisimama mbele yake ukanyoosha mikono yote miwili, hufiki ncha zake. Inaonyesha umati uliokusanyika Epsom, Uingereza, siku ya mbio za Derby, enzi za Malkia Victoria. Sasa ni mali ya jumba la sanaa la Tate, jijini London.

Derby ni mbio gani? Ni kama dabi ya mpira?

Hapa hakuna mpira. Derby ni mbio za farasi wenye umri wa miaka mitatu, zilizoanza Epsom mwaka 1780 na zinazoendelea hadi leo. Zilipewa jina la Earl wa Derby wa 12, mmoja wa mabwanyenye walioziasisi. Mwanzoni farasi walikimbia maili moja. Tangu 1784 wanakimbia maili moja na nusu, kama kilomita 2.4 hivi. Ni dakika tatu, mara nyingi pungufu, na mshindi amepatikana.

Lakini watu hawakufunga safari kwa ajili ya dakika tatu tu. Epsom iko zaidi kidogo ya kilomita 20 kutoka katikati ya London, upande wa kusini-magharibi, na uwanda wake ulikuwa wazi. Asiye na hela ya kukaa jukwaani alipanda kilimani akatazama bure. Reli ilipofika mjini Epsom mwaka 1847, waliokuwa wakienda kwa miguu na kwa magari ya farasi wakaongezewa maelfu ya wanaoshuka kwenye treni. Hata Bunge, katika miaka hiyo, lilikuwa likiahirisha kikao ili waheshimiwa wakahudhurie. Lodi, karani, mtumishi wa nyumbani, mkulima, kibaka na mpiga ramli, wote walikanyaga nyasi zilezile mchana mmoja. Mchoraji aliyetaka kuichora jamii nzima kwa mkupuo mmoja asingepata mahali pazuri kuliko hapo.

Kama ni picha ya mbio za farasi, farasi wako wapi?

Wapo, ila wako nyuma kabisa. Ukivuka vichwa vya watu kwa macho, utaona kwa mbali jukwaa kubwa la watazamaji na wapanda farasi wadogo wadogo wenye mavazi ya rangi.

Frith aliandika waziwazi katika kumbukumbu za maisha yake kwamba Derby ya kwanza aliyohudhuria haikumvutia hata kidogo kama mbio. Kilichomvutia ni watu. Hapo ndipo naona ushujaa wa kazi hii. Alikuwa na tukio ambalo nchi nzima ililisubiri mwaka mzima, akaligeuzia mgongo, akachora wanaolisubiri. Na watu hao wenyewe wamezipa mbio kisogo. Wanacheza kamari, wanapiga soga, wanaibiana, wanasinzia, wanatongozana, wanapanga chakula. Aliyewahi kukaa uwanjani tangu asubuhi akingoja mechi ya jioni anajua kwamba maisha ya uwanjani ni hayo.

Nianzie wapi kuitazama?

Anzia kushoto, kama unavyosoma. Huko kuna hema la Reform Club, klabu ya mabwana wa London iliyoanzishwa mwaka 1836, kimbilio la wanasiasa wa kiliberali. Karibu na hema wamejikusanya wanaume wenye kofia ndefu nyeusi, na katikati yao kuna meza ndogo. Mwenye meza ana kastabini, zile kofia ndogo za chuma za kumkinga fundi cherehani asichomwe na sindano, na punje moja ya njegere. Anaifunika punje, anazihamisha kastabini, kisha anakuuliza: iko wapi? Ni pata potea ileile ya kwetu, ile ya karata tatu pale stendi. Karata tatu zenyewe pia zilichezwa Epsom, Frith anazitaja.

Sasa mtazame mwanamume anayetoa noti mfukoni. Huyo si mteja. Ni mshirika wa mwenye meza, kazi yake ni kuonyesha kwamba mchezo unalipa. Anayewindwa ni kijana wa shamba aliyevaa joho pana la kikulima, na mkewe amemshika akimvuta nyuma. Hatusikii neno hata moja, ila mvutano wa mwili wa yule mwanamke unasema yote: hela ile ni ya nyumbani.

Pembeni ya kundi hilo kuna kijana aliyevaa vizuri, mikono ameitumbukiza mifukoni, na mifuko haina kitu. Saa yake ya dhahabu imeshachukuliwa na mtu aliye nyuma yake. Nenda nyuma, urudi mbele tena: mmoja anakaribia kuliwa, mwingine ameshaliwa. Frith ameweka mwanzo na mwisho wa hadithi moja bega kwa bega, bila kuandika herufi hata moja.

Aliyajuaje haya yote? Aliyabuni?

Nusura yamkute yeye mwenyewe. Alikwenda Epsom mwaka 1856 akiwa na rafiki yake, mchoraji Augustus Egg. Alipofika kwenye meza ya kastabini alikuwa na hakika kabisa anajua punje ilipo, akawa karibu kuweka dau kubwa. Egg akamzuia. Hapo akajitokeza mtu aliyevaa kama mchungaji wa kanisa, akaanza kumtolea Egg matusi ambayo hayaendani kabisa na vazi lake. Egg akatambua kwamba ni mmoja wa genge. Alipoona polisi wawili wanakaribia alipata nguvu, akawaumbua wote: yule anayejifanya mtu wa dini, yule mwenye sura ya mkulima, wote wezi. Kijana mmoja mpole akasogea na kusema ni kweli, wameshamkomba kila alichokuwa nacho. Polisi wakawatimua. Yule mchungaji wa bandia, huku akiondoka, aligeuka akanyoosha mikono kama anayewabariki.

Ukishaisoma habari hiyo kisha ukarudi kwenye kona ya kushoto ya picha, unaona wazi kwamba Frith alichora kitu alichokigusa kwa mkono wake. Genge lipo. Kijana aliyekombwa yupo. Mtu anayemvuta mwenzake nyuma yupo pia, ila safari hii ni mke wa mkulima.

Yule mtoto mwenye nguo nyeupe katikati ni nani?

Ni mwanasarakasi. Yuko na baba yake, ambaye pia amevaa nguo za mchezo na amemnyooshea mikono, tayari kwa zamu yao. Watu watatazama, na pengine watatupa sarafu. Lakini mtoto hamwangalii baba. Ameugeuza uso upande ambako mtumishi aliyevaa sare ya nyumba ya kitajiri anaandaa chakula cha mabwana zake nyasini. Macho ya mtoto yamenasa pale.

Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha picha nzima. Pitisha macho kwenye umati uone kila mtu anamwangalia nani. Matajiri wanaangaliana wao kwa wao. Wacheza kamari wanaikodolea meza. Kibaka anaangalia mfuko. Watu wa tabaka hili na lile wamebanana hadi mabega yanagusana, lakini kila kundi limejifungia ndani ya duara lake. Anayelivuka duara kwa macho, na kuona kwa uchungu kilicho upande wa pili, ni mtoto mwenye njaa.

Halafu mtazame mtumishi. Chakula kile si chake pia. Anakiandaa kwa uangalifu, na kazi yake ikiharibika atafokewa yeye. Kwa hiyo mbele yako kuna watoaji huduma wawili, mmoja wa kuburudisha na mmoja wa kuandaa meza, na wote wawili watasubiri wenye magari washibe. Frith hakutia huruma ya machozi. Mtoto halii wala haombi. Amesahau tu kwa nukta moja kwamba yuko kazini.

Kuhusu mtoto halisi: Frith alimpata mwanasarakasi na mwanawe katika pantomaimu, onyesho la jukwaani la kuchekesha, kwenye ukumbi wa Drury Lane, London, akawalipa wakae mbele yake awachore. Kwa hiyo misuli ile na namna ile ya kusimama ni ya watu waliokuwa wakiifanya kazi hiyo kweli.

Wanawake wawili wa pembeni kabisa ni akina nani?

Upande wa kulia, ndani ya gari la farasi, ameketi mwanamke aliyevaa vizuri sana. Kijana mtanashati ameegemea gari hilo kwa uvivu, wala hamjali. Watazamaji wa 1858 hawakuhitaji kuelezwa: mwanamke yule ni kimada wake. Anamvalisha, anamlipia gari, ila kumfikisha nyumbani kwa mama yake, thubutu!

Upande wa kushoto, mbali kule, amesimama mwanamke mwingine mwenye vazi la kupandia farasi la rangi ya kahawia iliyokolea. Huyo anawawakilisha makahaba wa hadhi ya juu waliojulikana kwa kupita na farasi wao kila siku katika bustani ya Hyde Park, wakionekana na wakitaka kuonekana. Wanawake hao wawili wameishika picha kama nguzo mbili, mmoja huku, mmoja kule, na kati yao umeenea umati mzima wa watu wanaojiita wenye heshima.

Jamii ya wakati ule ilijua kila kitu kuhusu mambo haya na haikupenda yasemwe. Frith aliyasema kwa rangi, tena kwenye picha iliyotazamwa na familia nzima-nzima, baba, mama na watoto. Nadhani aliwaelewa wanawake hawa kuliko alivyokiri, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na nyumba mbili. Mkewe Isabelle alimzalia watoto 12, na Mary Alford, aliyeishi naye kwa siri kwa miaka mingi, alimzalia 7. Isabelle alipofariki mwaka 1880, Frith alimwoa Mary.

Je, matajiri na maskini walichangamana kweli Epsom?

Walikaribiana. Kuchangamana ni jambo jingine. Magari ya farasi yaliyoegeshwa yalikuwa ukuta: aliye juu ya gari alikaa juu kweli, akatazama kofia na vilemba vya walio chini. Hema la klabu lilikuwa na mlango, na mlango una mlinzi. Fedha ndiyo iliyovuka mipaka yote, kupitia dau, sadaka, wizi, au ujira wa mtabiri na mcheza sarakasi. Ndiyo maana nasita ninaposoma maelezo yanayoiita picha hii sherehe ya umoja wa taifa. Frith ni mwaminifu zaidi ya hapo.

Alichora vipi watu wengi hivyo?

Kwanza alichora mchoro wa haraka kwa mkaa. Kisha akawaita watu mmoja mmoja au wawili wawili, akawachora kwa ajili ya kila sura kubwa ya picha. Baada ya hapo akatengeneza picha ndogo ya rangi za mafuta, iliyopangwa vizuri, na ndipo akaenda kwenye kitambaa kikubwa. Kazi ya kitambaa kikubwa ilimchukua kama miezi 15.

Kamera nayo ilisaidia. Mpigapicha Robert Howlett alitumwa Epsom apige picha za makundi ya watu kutoka juu ya paa la gari la kukodi. Huyu ni yuleyule aliyempiga mhandisi Brunel mbele ya minyororo mikubwa ya meli mwaka 1857, picha ambayo pengine umeiona. Alifariki mwaka 1858 akiwa na miaka 27 tu, mwaka uleule The Derby Day ilipoonyeshwa. Kamera za wakati ule zilikuwa nzito na za taratibu, na umati hautulii, kwa hiyo usidhani Frith alinakili tu. Picha za Howlett zilimpa jinsi watu wanavyojibana juu ya magari. Nyuso na miili aliitafuta kwa watu waliokaa mbele yake.

Nani aliilipia, na bei gani?

Jacob Bell, mfamasia tajiri na mmoja wa waanzilishi wa chama cha wafamasia cha Uingereza mwaka 1841. Aliona mchoro wa awali akaagiza picha kamili kwa pauni 1,500. Bell hakuwa mnunuzi wa kukaa pembeni. Alimsaidia Frith hata kuwatafuta watu wa kuchorwa.

Lakini hela haikuishia hapo. Mfanyabiashara wa sanaa Ernest Gambart alilipa pauni nyingine 1,500 apate haki ya kutengeneza chapa zake. Fundi Auguste Blanchard, mjini Paris, akaichonga picha nzima kwenye bamba la chuma, mstari kwa mstari, ili ichapishwe nakala kwa nakala kwenye karatasi. Ni chapa hizo zilizoifikisha picha sebuleni kwa watu ambao wasingeweza kununua hata fremu yake. Picha yenyewe nayo ilisafirishwa kuonyeshwa nje, hadi Australia.

Bell hakuifaidi. Alifariki mwaka 1859, akaiacha kwa wosia iwe mali ya taifa. Bila wosia huo huenda leo ingekuwa imefungiwa nyumbani kwa mtu.

Ni kweli iliwekewa uzio?

Kweli. Ilipoonyeshwa Royal Academy, chama cha wasanii cha London, mwaka 1858, watu walijazana mbele yake hadi ikahofiwa itaharibika. Walikuwa wakisogeza nyuso karibu mno na rangi, kila mmoja akimtafuta kibaka wake na mtoto wake. Akawekwa askari, kisha kizuizi cha chuma. Heshima ya namna hiyo ilikuwa haijatolewa pale tangu picha ya David Wilkie ya wanajeshi wastaafu wakisoma habari za vita vya Waterloo, mwaka 1822. Malkia Victoria na mumewe Albert nao waliitazama, na Albert akampa Frith ushauri kuhusu mwanga na kivuli. Frith anasema aliufuata na picha ikawa bora.

Wazia hilo kidogo: watu wa 1858 wamesongamana kutazama picha ya watu waliosongamana.

Wakosoaji walisemaje?

Hawakukubaliana. John Ruskin, aliyeogopwa kuliko wakosoaji wote wa zama hizo, aliiona kuwa mchanganyiko wa vibonzo vya John Leech na michoro ya Wilkie, na ndani yake chembe za picha za kamera na huruma za mwandishi wa riwaya Charles Dickens. Hakuitukana, ila hakuiweka kwenye daraja la sanaa ya juu. Kwa wengi wa wenye elimu, sanaa ya juu ilikuwa Biblia, Ugiriki ya kale na wafalme. Suruali za mistari na kofia ndefu zilionekana hazina hadhi ya kuchorwa kwa ukubwa ule.

Mimi nina lawama nyingine, na ni nzito zaidi. Wakati wa Frith wengi waliamini kwamba tabia ya mtu na tabaka lake vinasomeka usoni, kwenye pua, kidevu na paji. Picha hii imejengwa juu ya imani hiyo. Mwizi ana sura ya mwizi, bwana ana sura ya bwana, na Waroma wapiga ramli (jamii ya Ulaya iliyozoea kuhamahama, si watu wa Roma) wamewekwa kama viungo vya mchuzi, wasiopewa hadithi yao wenyewe. Tunajua leo watu waliopata mateso gani kwa sababu ya kusomwa nyuso. Mtoto wa sarakasi alipewa moyo, Waroma hawakupewa. Mwalimu anayeifundisha picha hii asiiruke sehemu hiyo.

Inatofautianaje na picha nyingine za mbio za farasi?

Chukua tatu za Wafaransa. Théodore Géricault alichora mbio hizohizo za Epsom mwaka 1821. Picha iko jumba la Louvre, Paris. Kwake hakuna umati kabisa, ni farasi wanne wanaoruka juu ya nyasi chini ya wingu zito, miguu ya mbele imenyooshwa mbele na ya nyuma imenyooshwa nyuma. Ni nzuri mno, lakini farasi hakimbii hivyo. Mwaka 1878, huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera kando ya njia, farasi akapita mbele yake, na picha zikaonyesha kwamba miguu yote minne huwa hewani inapokuwa imekunjwa chini ya tumbo. Karne nyingi za wachoraji zilikuwa zimekosea. Frith alikwepa mtego huo kwa kuwaweka farasi wake mbali.

Édouard Manet alichora mbio za Longchamp, Paris. Toleo la 1866 liko Art Institute of Chicago. Amesimama katikati ya njia na farasi wanamjia usoni. Watazamaji pembeni ni madoa ya rangi, huwezi kumtambua hata mmoja. Kama Frith anakupa majina na siri za watu, Manet anakupa vumbi na kishindo.

Edgar Degas ndiye aliye karibu na Frith kimawazo. Katika picha yake ya 1869 iliyoko Boston, mbio ziko nyuma kabisa, na mbele kuna gari lenye familia ya rafiki zake Valpinçon. Wote wamemtazama mtoto mchanga aliye mapajani mwa mnyonyeshaji. Naye aliona kwamba mtu huenda kwenye mbio na maisha yake yote nyuma ya gari. Ila Degas ana familia moja chini ya anga pana, tena kwenye kitambaa kidogo. Frith ana London nzima.

Kamari ya farasi ilikuwa halali wakati huo?

Inategemea uko wapi. Sheria ya 1853 ilizifunga nyumba za kuwekea dau mijini, mahali ambapo makarani na vibarua walikuwa wakiacha mishahara yao. Kuweka dau uwanjani kuliendelea, na mabwana waliwekeana dau klabuni kwao bila kusumbuliwa. Maduka ya kubashiri yalirudi kihalali Uingereza mwaka 1961. Kwa hiyo siku ambayo Frith alikwenda Epsom, yule kijana wa shamba alikuwa amefika mahali ambapo mlango wa kamari ulikuwa wazi wakati kwingine umefungwa. Anayeishi leo kwenye mtaa wenye vibanda vya kubeti kila kona anaweza kuitazama kona ile ya kushoto kwa macho ya karibu zaidi kuliko Waingereza wengi.

Frith alichora nini kingine?

Alizaliwa Yorkshire mwaka 1819, akafariki 1909. Wazazi wake waliendesha hoteli mjini Harrogate, na nadhani utoto wa hotelini, ambako watu wa kila aina huingia na kutoka, ulimfundisha kutazama. Kabla ya Derby alichora watu wa London wakipunga upepo ufukweni Ramsgate, picha iliyoonyeshwa 1854 na kununuliwa na Malkia Victoria. Mwaka 1862 ikafuata The Railway Station, kituo cha Paddington wakati treni inakaribia kuondoka. Ufuko, uwanja, stesheni: mahali ambapo mji wa kisasa unawalazimisha wasiojuana kukaa pamoja. Mwaka 1878 alirudi kwenye kamari na mfululizo wa picha tano, The Road to Ruin, unaomfuata kijana mmoja hadi anafilisika kabisa. Miaka ya 1890, akiwa mzee, aliichora upya The Derby Day. Toleo hilo liko Manchester Art Gallery.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo mmoja wa wazi. Walowezi wa Kizungu walileta mbio za farasi Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20, na pamoja nazo jina la mbio kubwa. Kenya Derby hukimbiwa hadi leo katika uwanja wa Ngong, chini ya Jockey Club of Kenya. Umati wa Epsom ya Frith na umati wa Ngong ya kikoloni si kitu kimoja, kwani Nairobi ya wakati ule iliongeza ukuta wa rangi ya ngozi juu ya ukuta wa fedha.

Naweza kuiona wapi?

Tate Britain, Millbank, London. Kuingia kutazama mkusanyiko wa kudumu ni bure. Picha huhamishwa au huazimwa kwingine mara kwa mara, kwa hiyo angalia kwanza kwenye tovuti yao kama imetundikwa. Usipofika London, tafuta nakala yake yenye ubora wa juu na uivute kwa vidole kipande kwa kipande. Ukiitazama nzima kwenye kioo cha simu utaona rangi tu. Picha hii ilitengenezwa itazamwe kwa pua.

Ninaweza kuitumia darasani au kwenye kazi yangu?

Kazi yenyewe haina tena hakimiliki, kwa kuwa mchoraji alifariki mwaka 1909. Faili la picha lililopigwa na jumba la sanaa linaweza kuwa na masharti yake, kwa hiyo yasome kabla ya kulichapisha.

Mimi ni mchoraji. Nikitaka kuuchora umati wa kwetu kwa namna hii, nifanyeje?

Fuata mpangilio wa Frith, unafanya kazi hata leo. Chagua mahali ambapo watu wa aina nyingi wanasubiri kitu: nje ya uwanja kabla ya mechi, gatini kabla ya boti ya Zanzibar, mnadani. Nenda bila rangi kwanza, na daftari tu. Tafuta matukio matatu madogo yanayoweza kukaa jirani bila kugusana, kisha tafuta mtu mmoja ambaye macho yake yatayaunganisha. Mchoro wa haraka, halafu watu halisi mmoja mmoja, halafu picha ndogo ya rangi, halafu kubwa. Waombe ruhusa unaowachora, na uwalipe muda wao kama alivyolipwa mwanasarakasi wa Drury Lane. Na pale Frith alipokosea, usimfuate: ukimweka mpiga ramli au ombaomba kwenye picha yako, kaa naye kwanza, uzungumze naye, mpe jambo lake la kufanya kama ulivyompa mwenye gari.